Usingoje damu kwenye choo cha mtoto

Ndugu mzazi, si kila maumivu ya tumbo ya mtoto ni minyoo au kuharisha. Mtoto mchanga, hasa wa miezi 4 hadi 10, akiugua mafua au kuharisha kwa sababu ya virusi, tezi ndogo za utumbo huweza kuvimba. Utumbo ukisukuma chakula, huvuta sehemu hiyo iliyovimba. Kipande cha utumbo huingia ndani ya kingine, kama mkono wa shati uliojikunja ndani. Njia inaziba, na damu haipiti vizuri.

DALILI:
- Analia sana kwa vipindi huku akikunja miguu, kisha ananyamaza na kulegea.
- Anatapika, baadaye matapishi ya kijani.
- Tumbo linavimba.
- Choo kina damu na makamasi. Dalili hii mara nyingi huchelewa, usiingoje.

Usimpe dawa ya minyoo wala ya kienyeji, wala usimwingizie dawa kwa njia ya haja kubwa. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Akiwahi, anaweza kupona bila kukatwa utumbo. Akichelewa, utumbo huoza, na mtoto anaweza kufa.