Matembezi katika Kinamasi cha Saiwa

Wengi wetu tukisikia habari za mbuga za wanyama, twafikiri juu ya motokaa, gharama na safari ndefu. Leo twataka kuwaelekeza mahali ambapo gari huachwa langoni, na watu wote, mjukuu na nyanya yake, huingia kwa miguu. Ni Kinamasi cha Saiwa, kilomita zaidi ya 20 kutoka Kitale kwa barabara ya Kapenguria. Kilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1974. Ukubwa wake ni kama kilomita 3 tu za mraba, nayo hutajwa kuwa mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote katika Kenya.

Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, ambaye wengine humwita sitatunga. Ni paa wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, hata aweza kukanyaga matope na majani yanayoelea bila kuzama. Lakini mtoe nje, umweke juu ya nchi kavu, naye atakwenda kwa shida. Akiogopa huingia majini akabakiza pua tu. Mama humficha mtoto wake katikati ya matete, juu ya kitanda cha majani yaliyokanyagwa. Mtoto wetu mdogo aliposikia hayo akauliza kama mama yake Musa alijifunza kwa nzohe. Katika chuo cha theolojia hatukufundishwa jibu la swali hilo.

Kwenda ni rahisi. Juu ya matope pametandikwa njia ya mbao, na pembeni iko minara ya kutazamia. Nendeni asubuhi na mapema, au jioni. Sisi tulichelewa kwa sababu ya chai, tukaketi mnarani karibu saa nzima tukiona matete matupu, na watoto wakaanza kunung'unika. Ndipo matete yakatikisika, akatokea jike mwekundu-mwekundu, akala, akatoweka. Basi. Hakuna aliyenung'unika tena.

Kandokando ya kinamasi kuna msitu, na humo hukaa kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa. Akihisi hatari hutulia kimya kabisa, kwa hiyo tazameni mara mbili kabla ya kusema mti hauna kitu.

Wazee wengi walituambia kinamasi ni ardhi iliyoharibika, yafaa kukaushwa ipandwe kitu. Lakini fikirini kazi yake. Mvua hushuka kutoka mashambani ikiwa nyekundu kwa udongo. Matete huyapunguza maji mwendo, udongo hutua chini, na maji hutoka kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi, yakielekea mto Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Kazi hiyo ina kiasi chake. Udongo ukizidi, kinamasi hujaa, na palipokuwa maji pakawa nchi kavu. Hapo kwato za nzohe hazina faida tena. Askari wa wanyama wanaweza kuzuia mbwa na mitego. Lakini hakuna ua uwezao kuzuia udongo wa mashamba yaliyo juu, nayo mashamba hayo ni ya watu kama sisi, waendao kanisani Jumapili.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima ukingo wa mto, kwa uchache meta 6 kila upande. Jioni ile tulipofika nyumbani, watoto wakatuuliza mahindi yetu yako mbali gani na kijito. Tukashuka pamoja nao kupima kwa hatua. Zilikuwa tatu. Msimu uliofuata tukaacha mistari minne bila kulimwa, tukapanda majani ya ng'ombe.