Gari linachemka kwenye foleni ya Mtwapa? Anza na feni, si rejeta

Kama gari lako kuukuu linachemka ukiwa umekwama Mtwapa, lakini ukishavuka daraja la Kilifi na kufululiza kuelekea Malindi mshale wa joto unarudi chini, tayari umepewa nusu ya jibu. Gari likikimbia, upepo wa barabarani hupita kwenye rejeta na kuipoza bure. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni ya umeme. Linalochemka likisimama tu, mara nyingi shida ni feni. Lile linalochemka hata likiwa mwendo wa 80 kando ya msitu wa Arabuko Sokoke lina jambo jingine: maji yamepungua, rejeta imeziba, pampu imechoka au themostati imekwama.

Hapa ni suala la pesa, bro. Fundi asiye na subira ataona mvuke akwambie rejeta imekufa. Unalipa, unaondoka, wiki ijayo uko pale pale. Na ukipuuza pia utaumia, maana silinda hedi ya Toyota na Nissan nyingi tunazoendesha ni ya alumini, na alumini ikizidiwa na joto hupinda. Kijana anayebeba abiria kwa Probox kati ya Kilifi na Malindi akipinda hedi, kazi imesimama na akiba imeenda.

Kabla hujagusa chochote: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Ile nambari 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu yake ni presha kinayoizuia, na ndiyo inayofanya maji ya ndani yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukikifungua, presha inatoka na maji yanakurukia usoni. Halafu toa ufunguo wa gari kabla ya kuingiza mkono karibu na feni, kwani baadhi ya magari huiwasha hata injini ikiwa imezimwa. Leso na mikono mirefu ya shati ikae mbali.

Sasa washa injini, kisha washa AC. Katika magari mengi ya Japani, AC ikianza kazi feni nayo huzunguka hapo hapo, hata injini ikiwa baridi. Ikizunguka, basi mota, fyuzi na nyaya zake ni nzima, na wa kushukiwa ni swichi au sensa ya joto inayopaswa kuiamrisha. Ikinyamaza, endelea. (Kama gesi ya AC iliisha zamani, jaribio hili halikwambii kitu. Liruke.)

Fungua sanduku la fyuzi chini ya boneti, utafute palipoandikwa FAN au RAD. Fyuzi yake huwa kubwa, mara nyingi ya ampea 30. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya nambari ile ile, na ole wako uweke kipande cha waya. Fyuzi mpya ikikatika tena, kuna waya unaogusa bodi au mota inavuta umeme kupita kiasi, na kile kipande cha waya kitakuchomea gari. Rilei ijaribu kwa kubadilishana na nyingine ya sanduku hilo hilo, mradi umbo na nambari vilingane kabisa.

Bado? Chomoa plagi ya feni, uipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwa betri kwa nyaya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi. Ikikataa, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza, usishangilie: brashi za kaboni ndani yake zimekwisha, na siku ya foleni kubwa itakuangusha. Tafuta nyingine.

Lakini ikizunguka vizuri kwa betri, hapo ndipo Pwani inapojitambulisha. Hewa yetu ina chumvi, na gari linalolala Watamu au Mnarani linaivuta usiku kucha. Chumvi huingia kwenye plagi na kugeuza shaba kuwa unga wa kijani. Mkosaji anayesahaulika zaidi ni waya wa ethi, ule unaofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Kwa macho unaonekana umekaza, kumbe chini yake pana kutu tupu na umeme haupiti. Ufungue, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, ufunge tena, kisha upake grisi juu. Fanya vivyo hivyo kwa plagi. Ni kazi ya nusu saa, na nashauri uifanye kabla ya kununua spea yoyote.

Kwa Toyota za miaka ya 90, kama ile Corolla tunayoiita 110, nyingi zina siri moja. Swichi yake ya joto hufanya kazi kinyume na unavyodhani: injini ikipata moto, kwenye nyuzi 93 hivi, swichi hukata umeme na ndipo feni inaanza. Kwa hivyo ukichomoa plagi ya swichi hiyo huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, swichi ndiyo mbovu, na nyaya usiziguse. Magari ya baadaye huendeshwa na kompyuta, na hapo mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma kodi.

Ukikwama njiani feni ikiwa imekufa, zima AC, fungua madirisha, washa hita hadi mwisho. Ndiyo, hita, Malindi, mwezi wa Februari wa kaskazi! Utatoka jasho kama uko jikoni kwenye harusi, lakini hita hiyo ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini. Mshale ukizidi kupanda, egesha kando na uzime.

Kuna mafundi watakaokuambia wang'oe themostati "kwa sababu huku ni joto". Kataa. Haiponyi feni, na injini itakuwa ikikimbia baridi barabarani, ikila mafuta. Kuunganisha feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote ni afadhali, kama kuna rilei na fyuzi, na iwe ni ya kukufikisha nyumbani tu. Wala usijaze rejeta maji ya kisima ya chumvi. Nunua kulanti, au angalau maji safi ya betri.

Ukishabadilisha mota, shika karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Kama feni imekaa upande wa injini, karatasi inapaswa kuvutwa na kuganda kwenye rejeta. Ikisukumwa kuja kwako, fundi amegeuza nyaya mbili za mota na feni inapigana na upepo. Mrudishe azigeuze kabla hujamlipa.