GARI LA ZAMANI LINAUZWA: TAZAMA CHINI YA RANGI

Umewahi kuona nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa vizuri, kumbe nguzo zake zimeliwa na mchwa? Ukiwa mbali unaisifu. Ukiegemea ukuta, unaanguka nao. Huko Uingereza yako magari ya namna hiyo, na wako watu waliotoa fedha nyingi kuyanunua.

Gari tunalotaka kukueleza linaitwa MGB. Herufi M na G zinatokana na Morris Garages, jina la gereji moja ya mji wa Oxford. MGB zilitengenezwa Abingdon, mji mdogo ulio karibu na Oxford, kuanzia mwaka 1962 hadi mwaka 1980. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Nyingi zilipelekwa Marekani. Mwaka 1980 kiwanda kilifungwa.

Hili si gari la kubebea mahindi. Ni dogo, liko chini chini, mara nyingi lina viti viwili na paa la turubai. Jua likitoka, mwenyewe hulikunja paa akaendesha huku upepo unampiga usoni. Huko jua ni haba, kwa hiyo starehe hiyo ni kubwa kwao. Injini yake si ya ajabu. Injini za jamii hiyo zilitumika pia katika magari ya kawaida ya familia. Lakini MGB nzima hufika kilomita 160 kwa saa.

Ubaya wa gari hili ni kutu.

Lori lina chesisi, yaani mifupa ya chuma iliyo chini ya bodi. MGB haina chesisi. Bodi yake ya bati ndiyo mifupa yake. Chini ya mlango, kila upande, kuna boksi refu la bati. Maboksi hayo mawili ndiyo yanayoshika gari lisipinde katikati. Sasa sikiliza. Wakati wa baridi Waingereza humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi huingia ndani ya maboksi hayo na kukaa humo. Kutu huanza kula kutoka ndani, na wewe uliye nje huoni kitu.

Fundi mwema hukata bati lote lililooza, akachomelea jipya. Kabla ya kukata huliegemeza gari vizuri, maana likilegea katikati milango haitafunga tena. Kazi hiyo ni ndefu na ghali. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage inauza hata bodi nzima mpya ya MGB. Fundi mlaghai yeye hujaza puti kwenye matundu, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu inayong'aa. Kisha mwenye gari huandika kwenye tangazo: "Limetengenezwa upya lote."

Mnunuzi afanye nini? Achukue sumaku ndogo, aifunge kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, aipitishe chini ya milango. Sumaku hushika bati, haishiki puti. Halafu atazame ufa ulio kati ya mlango na bodi. Je, juu na chini unalingana? Kisha aombe gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Ufa ukibadilika, au mlango ukikataa kufunguka, gari limelegea. Mwenye gari akikataa jeki isiwekwe, mnunuzi ana haki ya kujiuliza kwa nini.

Aombe pia picha. Mtu aliyetengeneza gari kwa haki huwa na picha za bati lililokatwa, na risiti za vifaa. Jumba la makumbusho la magari lililoko Gaydon hutoa cheti kinachoonyesha siku gari lilipotengenezwa na rangi yake ya kwanza. Cheti hicho ni kizuri, ila hakisemi lolote juu ya kutu.

Wala mnunuzi asitegemee mkaguzi. Tangu mwaka 2018, gari lililopita miaka 40 kwa kawaida halilazimiki kukaguliwa kila mwaka huko Uingereza, kama halikubadilishwa sana. Sheria bado inamtaka mwenyewe aliweke katika hali ya usalama. Lakini anayeendesha gari bovu hujikuta peke yake siku linapogongwa ubavuni, maana maboksi yale ndiyo yangemkinga.

Jambo la bei huwachanganya wengi. Mara nyingi kuitengeneza upya MGB iliyooza hugharimu zaidi ya bei itakayopatikana sokoni. Watu hufanya hivyo kwa mapenzi tu. Kwa hiyo muuzaji mwaminifu anaweza kuuza kwa hasara, na hilo si jambo la kutilia shaka. Muulize alitumia kiasi gani, na kwa kazi ipi. Aliyelipa fundi wa bati anakumbuka vizuri sana.