Kupima Uvutano wa Dunia Ukiwa Angani

Mjini Nanyuki, palipo na kibao cha ikweta, kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa takriban mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye ncha za dunia ni 9.83. Kimo hupunguza uvutano. Miamba mizito huuongeza.

Kubeba mitambo ya kuupima kwa miguu kutoka misitu ya Nyeri hadi majabali ya kilele cha Batian, mita 5,199, ni kazi ngumu. Ndege hupita juu kwa saa chache.

Ila ndege hutikisika. Kihisi cha mchapuko (ongezeko la kasi), kama abiria wa matatu aliyefumba macho, huhisi msukumo bila kujua umetoka wapi. Ndiyo maana GPS hufuatilia kila mwendo wa ndege. Mchapuko wake hukokotolewa, kisha huondolewa. Kinachobaki ni uvutano. Hata uelekeo huhesabiwa: ndege inayoruka mashariki huwa nyepesi kidogo kuliko inayoelekea magharibi.

Huko Turkana, ndege zenye jozi za vihisi vya mchapuko zilipima tofauti za uvutano kabla ya mafuta kugunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 Machi 2012. Mashapo ni mepesi kuliko miamba ya kando, hivyo mabonde yaliyofukiwa, yanayoweza kuwa na mafuta, hujitokeza kwenye ramani. Kuthibitisha mafuta, hata hivyo, bado huhitaji kuchimba.