Siti kava za leza: jua unachouza kabla hujaandika "ngozi halisi"

Leo naongelea siti kava za leza, maana kila ukurasa wa vifaa vya gari naona wanaziposti, na karibu wote wameandika maneno yale yale: ngozi halisi. Hata mimi niliandika hivyo, na yalinitokea puani.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nachukua mzigo Kariakoo kwa jumla, napiga picha, naposti, oda ikija nampa bodaboda. Wa jumla akaniambia "hii leza", mi nikaandika "ngozi halisi 100%". Kaka mmoja, dereva wa teksi za mtandaoni, akachukua seti ya IST kwa 220,000. Miezi tisa baadaye akanitumia picha. Siti ya dereva, ule ubavu wa kuingilia, imebanduka magamba, na chini yake kitambaa cheupe kinaonekana. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, ng'ombe gani huyu ana kitambaa ndani?"

Aisee, sikuwa na jibu. Nilimrudishia nusu ya hela, faida ya seti nne hivi ikaondoka. Ila kilichoniuma ni kwamba kwenye kijiwe chao alikuwa ameshaniletea wateja watatu. Hakuna hata mmoja aliyerudi.

Kumbe neno "leza" linabeba vitu vingi. Kuna ngozi ya mnyama kweli. Kuna PU, ambayo ni kitambaa kilichopakwa plastiki laini juu. Kuna PVC, ile wengi tunaita reksini, nayo ni kitambaa na plastiki ila ni nzito na ngumu zaidi. Halafu kuna ngozi ya kusaga: mabaki ya ngozi yanasagwa, yanachanganywa na gundi ya plastiki, yanabandikwa kwenye kitambaa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayochanganya watu, maana muuzaji anaapa kuwa ina ngozi ndani, na hasemi uongo. Ila inabanduka kama nyingine tu.

Kuzitofautisha, anza kwa kuuliza inauzwaje huko inakotoka. PU na reksini zinakuja kwenye roli, zinapimwa kwa mita. Ng'ombe hana umbo la roli. Ngozi yake inakuja kipande kizima chenye kingo zisizo sawa, inapimwa kwa futi za mraba, na gari la siti tano linakula ngozi ya zaidi ya ng'ombe mmoja. Ukishajua hilo, piga hesabu mwenyewe kama seti ya laki mbili na ushee inaweza kuwa ngozi tupu.

Pili, geuza upande wa nyuma. Ngozi nyuma ina manyoya manyoya ya nyuzi, kama kiatu cha suede. PU na reksini utaona kitambaa, wakati mwingine na sponji nyembamba. Ikiwa imeshashonwa na huoni nyuma, tafuta tundu la zipu au sehemu ya kufungia, chungulia hapo. Tazama na vinyweleo vya juu: vikijirudia kwa mpangilio ule ule kila baada ya sentimita kadhaa, hiyo ni chapa ya mashine. Harufu usiitegemee, siku hizi kuna dawa ya kupuliza ya harufu ya ngozi.

Kuna jaribio la tone la maji linazunguka sana mtandaoni, eti ngozi inakunywa maji na feki hainywi. Kwenye siti za gari litakudanganya. Ngozi nyingi za siti zimepakwa rangi na utando wa kinga juu, kwa hiyo maji yanakaa tu hata kama ni ngozi kweli. Jaribio la moto linafanya kazi: ngozi inanuka kama nywele zilizoungua na kubaki mkaa, plastiki inayeyuka. Lakini fanya kwenye kipande cha mabaki nje ya duka, tafadhali. Usiunguze mzigo.

Sasa usidhani PU ni kitu cha kuficha. Mercedes-Benz wana siti za Artico, Toyota wana SofTex, na zote si ngozi ya mnyama. Hata gari lililotoka kiwandani na siti za ngozi, mara nyingi ngozi iko pale mwili unapogusa tu, pembeni na nyuma ni plastiki. Kwa hiyo mi sasa naandika hivi: "Siti kava za PU, zinafutika kwa kitambaa kibichi, si ngozi ya mnyama." Mwanzoni niliogopa mauzo yatashuka. Kilichopungua ni zile kesi za inboksi usiku.

Jambo moja wauzaji hatulifikirii ni stoo. PU inaharibiwa polepole na unyevu pamoja na joto, hata ikiwa ndani ya nailoni haijakaliwa na mtu. Kwa sisi wa Dar, hewa yenyewe ndiyo hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa chukua seti hamsini za mwaka juzi kwa bei ya kutupa, kunja kona ya moja kwa nguvu, sugua kwa kidole gumba. Ikinata au ikitoa unga, waachie wenyewe.

Kwenye oda, usikubali "nataka ya IST" peke yake. IST ya zamani, ya 2002 hadi 2007, si sawa na iliyofuata. Passo za zamani nyingine siti ya mbele imeungana kama benchi. Noah kuna ya siti saba na ya siti nane. Omba picha tatu: siti za mbele, siti ya nyuma ikionyesha vichwa vingapi na inakunjwa wapi, na ubavu wa siti ya mbele upande wa mlangoni.

Hiyo picha ya ubavu ndiyo muhimu kuliko zote, na si kwa ajili ya kukaa vizuri. Angalia kama kuna kitambulisho kidogo kimeandikwa "SRS AIRBAG". Kikiwepo, ndani ya siti ile kuna eabegi ya ubavuni, inayotoka kwa kupasua mshono wa siti gari likigongwa pembeni. Ukiivalisha kava nzito iliyoziba ubavu mzima, eabegi inaweza kuchelewa au kutokea upande usiofaa. Mteja hatajua mpaka siku hiyo. Siti ya namna hiyo inataka kava iliyoachwa wazi ubavuni au iliyoshonwa mshono maalumu wa kupasuka hapo. Kama huna, mwambie huna. Mimi nimepoteza oda kadhaa kwa hili na sijutii, maana kuna mtu anabeba watoto wake kwenye gari lile. Na asikushawishi fundi kuwa atapasua kidogo kwa wembe kisha ashone upya kwa uzi wa kawaida.

Kuhusu utunzaji, mimi natuma ujumbe mfupi pamoja na risiti, kwa sababu kava nyingi zinauawa na usafi. Watu wanasugua kwa jiki, spiriti, thina, hata petroli. Vyote vinakula utando wa juu, na ukishaondoka, kubanduka ni suala la muda. Sanitaiza ya mkononi nayo ni spiriti, ikimwagika ifutwe palepale. Wengine wanapaka mafuta ya mgando au ya kupikia ili ing'ae. Hayapenyi, yanabaki juu yanashika vumbi, na mwenye shati jeupe atakulaumu. Polishi ya dashibodi iishie kwenye dashibodi, kwenye siti inaleta utelezi.

Ujumbe wenyewe nauandika hivi, nakili ukitaka:

"Toa mchanga kwanza kwenye mishono kwa brashi laini, maana mchanga unakwaruza. Futa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni kidogo ya maji, rudia kwa maji matupu, kausha. Jinzi mpya inaachia rangi kwenye siti nyeupe, ifute mapema kabla haijakomaa. Ukitoka kuogelea baharini, weka taulo kabla ya kukaa. Gari likilala juani, weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele."

Kama siti ni za ngozi kweli, naongeza mstari mmoja: atumie dawa maalumu ya ngozi ya gari mara chache kwa mwaka, ajaribu kwanza sehemu iliyojificha. Wa PU siwauzii dawa hiyo hata wakiiomba. Haiingii ndani, ni kuwalia hela yao bure.