Kabla ya Kununua Antivairasi, Jua Fundi Alichokuwekea

Mtu wa Njoro mwenye kompyuta nyumbani akipanda mjini Moshi kuulizia antivairasi, muuzaji atamwonesha maboksi yenye leseni ya mwaka mmoja na kumuuliza anataka ipi. Swali hilo limewahi mno. Kompyuta nyingi za majumbani tayari zina kinga ndani ya Windows yenyewe, kinga isiyolipiwa, ila mara nyingi kuna mtu aliizima na mwenye mashine hana habari.

Kinga hiyo inaitwa Microsoft Defender. Enzi za Windows Vista ilikuwa ikishughulika na programu za kijasusi tu, zile zinazojificha na kuiba taarifa zako kimyakimya. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ndipo ikawa antivairasi kamili. Miaka ile ya mwanzo wataalamu waliidharau, na walikuwa na sababu. Leo maabara huru za kupima antivairasi, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, huipa alama za kukaribiana na zile za kulipia.

Lakini vipimo hivyo vina jambo moja linalotuhusu sana sisi wa bando la kuhesabu. Defender hutegemea intaneti. Ikikutana na faili isiyoielewa, huuliza mitambo ya Microsoft. Intaneti ikikatika, uwezo wake wa kutambua virusi hushuka waziwazi, wakati baadhi ya za kulipia, Bitdefender ikiwa mojawapo, hubaki na nguvu karibu ileile. Kwa nyumba yenye intaneti muda wote tofauti hiyo haina uzito. Kwa nyumba ambayo kompyuta huunganishwa mara moja moja kwa hotspoti ya simu, na kazi zote huingia na kutoka kwa flashi, ina uzito mkubwa.

Na flashi ndiyo njia kuu ya virusi huku kwetu. Fikiria msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, steshenari zote za mjini zimejaa. Kijana anachomeka flashi yake kwenye kompyuta ambayo asubuhi hiyohiyo imepokea flashi za watu wasiojuana, anaprinti, anarudi nayo nyumbani na kuichomeka kwenye laptopu ambayo mama yake anatungia mitihani. Anapoifungua anakuta folda zake zote zina mshale mdogo kwenye kona, au anakuta shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe.

Hapo wengi huamini kazi zao zimefutwa, wanaformati flashi, na kweli zinapotea. Faili zilikuwepo. Kirusi kilizipa alama ya kufichwa, kisha kikaweka shotikati mahali pake. Ukibofya shotikati hiyo, kwanza inaamsha skripti iliyojificha ndani ya flashi, halafu inakufungulia folda yako kama kawaida, ndiyo maana hushtuki. Tangu hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta yako nayo itaambukizwa.

Kwa hiyo usibofye chochote. Washa hotspoti ya simu ili Defender iwe na macho yake yote, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya flashi, uiamuru ichunguzwe. Ikishasafishwa, fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka badala ya E herufi ya flashi yako. Amri hiyo huondoa alama za kuficha, na folda zako hurejea. Na ukienda kuprinti tu, bora ujitumie kazi hiyo kwa barua pepe na kuifungulia palepale steshenari, kisha utoke kwenye akaunti kabla hujaondoka. Flashi ibaki nyumbani.

Sasa nije kwa mtu aliyeizima kinga yako. Kompyuta ikisumbua tunaipeleka kwa fundi akaipige Windows upya. Mara nyingi anayoipiga haina leseni, na ili isidai leseni anaweka programu ya kuiamsha kwa hila, kisha anaongeza Office kwa njia hiyohiyo. Programu hizo haziwezi kukaa pamoja na Defender inayofanya kazi yake, kwa hiyo fundi huizima, au huiambia isiguse folda fulani. Nimeona mashine ambayo orodha ya folda zisizoguswa ilikuwa na mstari mmoja tu, nao ulikuwa C:\, yaani diski nzima. Alama ya ngao ilikuwa ya kijani, ikisema kila kitu ni salama, na hakuna kilichokuwa kikichunguzwa.

Na programu hizo za hila si za bure. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Marekani, Red Canary, ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, programu maarufu ya kuamsha Windows bila leseni, zilivyobeba jasusi aitwaye CryptBot, ambaye hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kirusi cha STOP nacho, kinachofunga picha na nyaraka kisha kudai fedha, kimesambaa zaidi kupitia programu zilizokrakiwa, na walengwa wake wakubwa ni watu wa majumbani kama sisi.

Orodha ya folda zisizoguswa huonekana ukifungua Windows Security, ukaingia sehemu ya virusi, kisha mipangilio, ukashuka hadi chini palipoandikwa Exclusions. Kama hujaweka kitu hapo mwenyewe, panatakiwa pawe patupu. Ukikuta mstari, uondoe, halafu chunguza kompyuta nzima hata kama itachukua saa kadhaa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze maboksi. Antivairasi za bure za kampuni nyingine sizishauri, na sababu yangu ina ushahidi. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu ilikusanya kumbukumbu za tovuti ambazo wateja wake walitembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Watu waliweka programu ili iwalinde dhidi ya ujasusi, na yenyewe ikawa inachukua mienendo yao. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, lakini mimi siwezi kumshauri mtu arudi huko wakati Defender ipo. Ujue pia kwamba Avast, AVG, Avira na Norton leo zina mmiliki mmoja, Gen Digital, hivyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kuhama kampuni.

Kaspersky, antivairasi ya kampuni ya Urusi, ni suala la kuamua mwenyewe. Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku mauzo yake nchini humo kwa hofu kwamba serikali ya Urusi inaweza kuitumia, jambo ambalo kampuni imekana. Kwenye vipimo vya kukamata virusi imekuwa miongoni mwa bora kwa miaka mingi.

Ukinunua yoyote, nunua moja. Antivairasi mbili kwenye mashine moja hugombana na kuifanya iende polepole. Laptopu mpya ikija na McAfee ya majaribio na muda wake ukaisha, iondoe kabisa. Defender hurudi kazini yenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna boksi linaloliponya. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi ni wa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Defender itaendelea kupokea orodha ya virusi kwenye Windows 10 hadi 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi na orodha hiyo. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu, kama HP EliteBook 840 G3, zina prosesa ambazo Windows 11 haizikubali rasmi. Ukinunua ya mtumba, uliza kwanza prosesa ni ya kizazi cha ngapi: kwa Intel iwe cha 8 au zaidi. Kwa ile ambayo tayari unayo, mfumo mbadala wa Windows uitwao Linux Mint ni wa bure, ni halali, na unatosha kabisa kuandikia barua na kuingia mtandaoni.

Picha za familia zinakili kwenye diski ya nje na uichomoe, hasa kabla ya Desemba. Ndugu wakishapanda kutoka Dar es Salaam, flashi za picha za harusi na kipaimara huzunguka nyumba hadi nyumba, Njoro hadi Marangu, na virusi huzunguka nazo.

Uamuzi wangu ni huu. Kama nyumba yako ina intaneti ya kila siku na Windows yako ni halali, baki na Defender na fedha ya leseni nunulia diski ya nje. Kama intaneti ni ya nadra na flashi ni nyingi, lipia moja yenye nguvu hata bila mtandao. Na kwenu mafundi wa Moshi, naomba jambo moja: mkimpigia mteja Windows isiyo na leseni na kuzima kinga yake, mwambieni wazi kabla hajalipa, ili aamue mwenyewe.