Megakariosaiti: Jitu la Uboho

Je, wajua kwamba chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu isiendelee kumwagika, si seli kamili? Ni vipande tu, havina kiini, na huishi siku 7 hadi 10. Vinatoka kwa megakariosaiti, seli kubwa mno inayokaa ndani ya uboho wa mifupa. Aliyeonyesha hivyo mwaka 1906 ni James Homer Wright, daktari wa Boston.

Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8. Megakariosaiti yaweza kukaribia 100. Hukua hivyo kwa kunakili DNA yake tena na tena bila kugawanyika, hadi kiini kimoja kibebe seti 64 mahali pa 2 za kawaida. Ikikomaa hujisogeza kwenye ukuta wa mshipa mwembamba na kupenyeza ndani mikia mirefu yenye mafundo, kama shanga kwenye uzi. Mkondo wa damu huikata mikia hiyo, na seli moja yaweza kutoa chembe sahani zaidi ya elfu moja. Mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku.

Nani huiamuru megakariosaiti? DNA yake ni ileile ya seli ya ini au ya ngozi. Kinachoitofautisha ni protini chache zinazoshika DNA mahali maalumu na kuwasha jeni hizi, kuzima zile. Mojawapo ni GATA-1, iliyopata jina kutokana na herufi za DNA inazozitafuta: G, A, T, A. Seli nyekundu nazo haziwezi kukomaa bila hiyo GATA-1, kwa kuwa koo hizi mbili zina mzazi mmoja. Mzazi huyo akifika njia panda, protini KLF1 humvuta upande wa seli nyekundu, FLI1 humvuta upande wa megakariosaiti, na kila moja humkandamiza mwenzake.

Jaribio linalonishangaza hadi leo ni la mwaka 1995. Ramesh Shivdasani, Stuart Orkin na wenzao walichunguza panya waliozaliwa bila NF-E2, protini nyingine ya aina hiyo. Megakariosaiti zilikuwepo, tena tele, na viini vyake vimejaa DNA. Lakini damuni chembe sahani hazikuonekana, na wengi wa panya hao walikufa kwa kuvuja damu. Kumbe amri ya kukua ni moja, na amri ya kujimega ni nyingine kabisa!

Kwa binadamu, kasoro ndogo tu katika protini hizi huleta maradhi. Jeni ya GATA-1 iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaoumia zaidi ni wavulana: chembe sahani chache, pamoja na upungufu wa damu. Anayerithi nakala mbovu ya jeni ya RUNX1, protini nyingine ya kundi hili, huvuja damu kwa urahisi, na hatari yake ya kupata saratani ya damu huongezeka.

Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwasha GATA-1, FLI1 na mwenzao TAL1 ndani ya seli shina, nazo zikageuka megakariosaiti. Tunazihitaji kweli, maana chembe sahani za wachangiaji hukaa siku 5 hadi 7 tu, zikitikiswa muda wote. Kikwazo kipo mwishoni: megakariosaiti za maabara hukua vizuri, ila kila moja hutoa chembe sahani chache mno kuliko ile ya ubohoni.